Breisi zimetoka, riteina inabaki: kwa tunaoishi mbali na nyumbani

Riteina ni kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi yalikotoka baada ya kutolewa breisi, zile nyaya za kunyooshea meno. Yangu ya kwanza niliipoteza angani, kwenye ndege ya kurudi kutoka Dar es Salaam. Chakula kilipoletwa niliitoa mdomoni, nikaifunga kwenye karatasi ya kufutia mikono na kuiweka pembeni ya sinia. Mhudumu akapita, akazoa sinia na vyote vilivyokuwamo. Nilipokuja kushtuka tulikuwa tumeshaiacha Sudan nyuma. Nikajipa moyo kwamba nikitua nitapiga simu kliniki. Nikaja kupiga baada ya wiki tatu, na ule mwanya nilioulipia miezi kumi na minane uzibwe tayari ulikuwa unapitisha ncha ya ukucha.

Najua kwetu mwanya ni uzuri. Likizo ya kwanza baada ya kutoa breisi, shangazi yangu Tanga aliitikia shikamoo yangu huku macho yote yako mdomoni mwangu, kisha akauliza, "Mwanangu, ule mwanya umeuuza huko Ulaya?" Mimi nilikuwa na sababu: meno ya chini yalikuwa yananigonga ufizi wa juu, na kuyapanga kulikuja na kuuziba mwanya. Hayo ya urembo kila mtu na lake. Ila ukishaziba mwanya, au ukishapanga meno yaliyopandana, jua kwamba yatataka kurudi yalikotoka.

Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Limeshikwa na nyuzi ndogo ndogo ndani ya tundu lake, na breisi inapolisukuma, mfupa humeng'enywa upande mmoja ukajengwa upande wa pili, nyuzi zikavutika. Siku breisi zinapotolewa kazi hiyo ya ndani haijaisha. Nyuzi za kwenye tundu hujipanga upya kwa miezi mitatu au minne hivi. Zile za kunyumbuka zilizo ndani ya ufizi, zinazolizunguka jino shingoni, zinaweza kuchukua mwaka na zaidi, na muda wote huo zinalivuta kurudi. Mwanya wa katikati ya meno mawili ya mbele ni katika yale yanayorudi upesi kabisa. Juu ya hapo kuna umri: hata mtu ambaye hajawahi kuvaa breisi, meno yake ya mbele ya chini huelekea kubanana kadiri miaka inavyokwenda. Magego ya mwisho husingiziwa sana kwa hili, lakini hata waliokwisha kuyang'oa, meno yao ya mbele hubanana vilevile.

Ndiyo maana swali la "nivae mpaka lini?" lina jibu lisilopendwa: mpaka siku utakapoacha kujali meno yakikaa vipi. Madaktari wengine huagiza mchana na usiku kwa miezi mitatu hadi sita, wengine usiku tu tangu mwanzo. Fuata wa kwako, yeye ndiye anayejua meno yako yalitoka wapi. Baada ya hapo ni kila usiku. Ukiruka siku mbili ukaivaa ikabana, hiyo ni taarifa: meno yameshaanza safari.

Aina ni tatu. Ya zamani ni Hawley, kibandiko kigumu cha plastiki kinachokaa kwenye kaakaa, na waya mmoja unaopita mbele ya meno. Inadumu, inaweza kukazwa, lakini wiki ya kwanza utatamka "thamani" na "dhahabu" kama mtoto anayeota meno. Dawa yake ni kusoma kwa sauti chumbani peke yako. Ya pili ni ile ya plastiki angavu, inayoyavika meno kama soksi. Haionekani, ndiyo maana inapendwa, ila hupasuka, na anayesaga meno usingizini huimaliza mapema.

Ya tatu ni waya unaogundishwa nyuma ya meno ya mbele, mara nyingi kutoka chonge hadi chonge. Huu nauheshimu na kuuogopa. Unafanya kazi hata ukiusahau, na hapo ndipo penye hatari: gundi ikiachia kwenye jino moja tu, waya haudondoki, husikii maumivu, na lile jino linakwenda zake polepole. Pitisha ncha ya ulimi juu ya kila kitone cha gundi unapopiga mswaki usiku. Ukihisi ncha inayochoma au jino linalotikisa waya, usingoje miadi ya miezi sita. Ugaga nao huupenda waya huu, kwa hiyo utahitaji uzi wa meno wenye ncha ngumu wa kupenyeza chini yake. Muwa, mahindi ya kuchoma, kashata na kuvunja mifupa kwa meno ya mbele ni adui zake. Na kama ulikulia Arusha, Meru au sehemu za Bonde la Ufa zenye maji ya floridi nyingi na meno yako yana rangi ya kahawia, mwambie daktari kabla hajagundisha, maana gundi hushika kwa shida kwenye meno ya namna hiyo.

Kwa mwenye mwanya uliozibwa, chaguo langu ni waya mfupi nyuma, na plastiki juu yake usiku. Mmoja akizembea, mwenzake yupo. Mwulize daktari wako kama linakufaa.

Usafi wake si kazi kubwa, lakini makosa yetu ni yaleyale. Mama mmoja tunayesali naye alichemsha riteina ya mwanawe kama anavyochemsha chupa za mtoto, ikatoka imejikunja kama kaukau. Plastiki hii haitaki maji ya moto, wala chai ya moto, wala dashibodi ya gari mchana wa Maskati au Doha. Tumia maji ya baridi, mswaki laini na tone la sabuni ya vyombo. Dawa ya meno huikwaruza, na ukoga hukaa kwenye mikwaruzo. Ikifanya utando mweupe, iloweke nusu saa kwenye siki iliyochanganywa na maji, kisha uisuuze vizuri. Ikiwa mdomoni, kunywa maji tu: chai ya sukari hunaswa kati ya plastiki na jino na kukaa hapo muda mrefu. Ramadhani ratiba ya usiku huvurugika, mtu analala, anaamka kula daku, analala tena. Itoe kabla ya daku, piga mswaki, uirudishe kabla ya kurudi kitandani.

Sasa lile ambalo ningetamani kuambiwa mapema. Sisi ni watu wa kuhama. Breisi zinafungwa Nairobi, zinatolewa Birmingham, riteina inavunjika Minneapolis. Siku ya kutolewa breisi, usitoke kliniki na tabasamu tu. Omba faili la skani ya meno yako, lile la STL, yaani lenye umbo la meno kwa kompyuta, omba nakala za eksirei, na barua fupi inayoeleza kilichofanyika, pamoja na meno yaliyong'olewa. Kliniki nyingi siku hizi hupima kwa kamera badala ya ule uji wa kuchukulia umbo la meno, unaokaba koo, kwa hiyo faili lipo. Usipoomba watakaa nalo wao. Jitumie kwa baruapepe. Ukiwa nalo, kliniki yenye vifaa, iwe Dar au Toronto, inaweza kuchapa umbo la meno yako na kukutengenezea riteina nyingine bila kuanza mwanzo, mradi meno hayajasogea. Na tengeneza jozi mbili tangu siku ya kwanza. Moja ikae nyumbani, moja isafiri kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye begi linaloingia chini ya ndege.

Waliokuwa wakiagiza kwa posta vifaa vya kunyooshea meno walijifunza kwa uchungu kutoiachia kampuni kila kitu Desemba 2023, kampuni ya Marekani ya SmileDirectClub ilipofunga kazi na dhamana ya maisha iliyowaahidi wateja ikafa nayo.

Ukiipoteza, piga simu siku hiyohiyo. Ya zamani ikiwepo na ikaingia bila kulazimishwa, ivae usiku na mchana hadi umwone daktari. Isipokaa hadi mwisho usiisukume kwa meno, utaipasua na kuyaumiza. Meno yakiwa yamesogea kidogo sana, riteina mpya huenda ikatosha; yakisogea zaidi unaingia matibabu ya pili. Mimi wiki zile tatu za uvivu zilinigharimu miezi minne ya vifuniko vya plastiki vya kusukuma meno, kwa pesa yangu.

Kuhusu malipo, soma masharti kabla breisi hazijatoka. Uingereza, mtoto aliyetibiwa kwa NHS, huduma ya afya ya umma, kwa kawaida hupata riteina za mwanzo na uangalizi wa mwaka mmoja hivi. Baada ya hapo matunzo na riteina mpya ni mfuko wenu. Ujerumani, bima ya umma ikikubali kumtibu mtoto, mzazi hutanguliza asilimia 20, na asilimia 10 kwa mtoto wa pili anayetibiwa wakati huohuo, kisha hurudishiwa daktari akithibitisha kwamba matibabu yamekamilika. Kipindi cha riteina ni sehemu ya matibabu hayo, kwa hiyo mtoto akikacha miadi, pesa yako iko hatarini. Marekani, bima nyingi zina kikomo kimoja cha malipo ya kupanga meno kwa maisha yote, na breisi zenyewe hukimaliza; riteina ya pili unaweza kuilipia kwa akaunti ya HSA au FSA, zile za kuweka pesa za matibabu, ukiwa nayo. Bei hutofautiana sana kliniki na kliniki hata ndani ya mji mmoja, kwa hiyo piga simu tatu kabla ya kukubali.

Watoto wanaokwenda likizo kwa bibi wanahitaji boksi la rangi kali lenye jina juu, na bibi aonyeshwe kilichomo, la sivyo kitatupwa na maganda ya machungwa. Mwaka jana mwanangu alipewa maelezo yote, akayasikiliza, akaila halua ya bibi yake riteina ikiwa mdomoni, akaiweka boksini bila kuiosha na kuliacha boksi wazi juu ya kabati la vyombo. Asubuhi tuliikuta imejaa sisimizi, wamejipanga jino kwa jino. Bibi akaikung'uta nje dirishani, akampa ndoo na sabuni, akasimama pembeni mpaka ikaoshwa.