Maharage yaishie siku mbili kabla ya mbio

Ukikimbia mbio zinazopita kilomita 42 na huli nyama, kila mtu atakuuliza protini unaitoa wapi. Protini si tatizo. Scott Jurek alishinda Western States, maili 100 za milimani, mara 7 mfululizo kuanzia 1999, akila vya mimea. Tatizo ni tumbo. Maharage na dengu vinavyokujenga wiki nzima ndivyo vitakavyokukimbiza vichakani ukifika kilomita ya 50, maana mwili ukiwa mbioni hupeleka damu miguuni na kuupunja utumbo. Kwa hiyo siku mbili za mwisho mimi huhamia wali mweupe, viazi vilivyomenywa na ndizi mbivu.

Cha kubeba njiani ni viazi vidogo. Vichemshe kwenye maji yenye chumvi ya kutosha hadi uma uingie bila kulazimisha. Mwaga maji, rudisha sufuria motoni dakika moja huku ukiitikisa, mpaka vikauke na kuvaa ukungu mweupe wa chumvi. Vipoe kabisa kabla ya kuvifunga, la sivyo vitatoa jasho mfukoni na kugeuka uji (naongea kwa uchungu). Gramu 200 zina wanga kama gramu 35, na baada ya saa sita za jeli tamu (ile sukari nzito ya pakiti wanayonyonya wakimbiaji) hutaamini utamu wa chumvi ile.

Dengu zirudi mezani baada ya mbio. Zikamulie limau, vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya mimea. Chai isubiri kama saa moja, huzuia chuma hicho hicho.