Jinsi ya Kuficha Alama za Aya (¶) Unapoandika Barua Pepe kwenye Outlook

Unafungua ujumbe mpya, unaandika "Habari za kazi", unabonyeza Enter, na hapo mwisho wa mstari inatokea alama kama P iliyogeuzwa: ¶. Ukiangalia vizuri, kila palipo na nafasi kati ya neno na neno pana kinukta kimeelea. Ulipobonyeza Tab pana mshale. Barua imejaa vitu ambavyo hukuviandika, na unaogopa kuituma.

Kwanza ondoa hofu. Si virusi, kompyuta haijaharibika, na unayemwandikia havioni. Hizo ni alama za uumbizaji: zinakuonyesha wewe mwandishi mahali ulipobonyeza Enter, nafasi au Tab. Hazisafiri na barua, wala ukiichapisha kwenye karatasi hazitoki. Kama una barua ya haraka, itume hivyo hivyo, kisha urudi hapa tuziondoe.

Nahudumia ofisi ndogo ndogo hapa Tanga kwa mambo ya kompyuta, kuanzia mawakala wa forodha wanaoshinda kwenye shughuli za bandari, wahasibu wa mashamba ya mkonge, hadi walimu wa Ngamiani na Chumbageni. Tatizo hili naletewa mara kwa mara, na karibu kila mara mtu amekwisha kupoteza muda mwingi akijaribu kuzifuta moja moja. Usizifute. Ukiifuta alama ya ¶, aya ya chini inapanda na kuungana na ya juu, kwa sababu umefuta ile Enter yenyewe. Kinachotakiwa ni kuzificha.

Maelezo haya ni ya Outlook ya kawaida ya Windows, ile inayosakinishwa kwenye kompyuta pamoja na Word na Excel. Tangu toleo la 2007, Outlook hiyo inatumia mhariri wa Word kuandikia barua, ndiyo maana alama ulizowahi kuziona kwenye Word zinakufuata mpaka kwenye barua pepe. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana ofisi nyingi zinatumia programu ya Kiingereza.

Hatua ya 1: Hakikisha ni alama ya uumbizaji kweli

Kuna ¶ mbili. Moja ni hii tunayoizungumzia. Nyingine ni herufi halisi, ambayo mtu anaweza kuiingiza kwa menyu ya Symbol, au kwa kushikilia Alt na kuandika 0182 kwenye namba za pembeni za kibodi. Hiyo inasafiri na barua, na hakuna kitufe cha kuificha.

Zitofautishe hivi: weka kasa, yaani kile kimstari kinachowaka na kuzimika pale unapoandika, upande wa kushoto wa ¶ bila kuacha nafasi, bonyeza Delete mara moja. Kama aya ya chini imepanda na kuungana, ni alama ya uumbizaji. Bonyeza Ctrl+Z urudishe mambo yalivyokuwa, uendelee. Kama imeondoka ¶ peke yake na mistari imebaki mahali pake, ilikuwa herufi, na umekwisha kuiondoa.

Hatua ya 2: Bonyeza Ctrl+Shift+8

Bofya ndani ya barua, pale unapoandikia maneno, si kwenye mstari wa anwani wala wa kichwa cha habari. Shikilia Ctrl na Shift kwa pamoja, kisha gusa 8. Tumia 8 ya mstari wa juu wa kibodi, ile yenye nyota. Ya kwenye kundi la namba la kulia haifanyi kazi hii. Alama zote zinapotea. Ukibonyeza tena zinarudi.

Hapo pia ndipo utakapoelewa zilikotoka. Kwenye kibodi nyingi tunazotumia, nyota inapatikana kwa Shift na 8, na Ctrl ipo chini ya Shift pale pale kona ya kushoto. Siku hizi watu wamezoea kukoza maneno kwenye WhatsApp kwa kuyazungushia nyota, na mazoea hayo wanayaleta kwenye barua pepe. Kidole kikigusa Ctrl kwa bahati mbaya wakati wa kutafuta nyota, alama zimeshawaka.

Hatua ya 3: Kama hupendi njia za mkato, tumia kitufe

Kwenye dirisha la ujumbe, juu kabisa, bofya kichupo cha Format Text. Tafuta kundi la Paragraph; humo mna kitufe chenye alama ile ile ya ¶. Kibofye mara moja.

Hukioni? Angalia ukubwa wa dirisha. Kwenye laptopu ndogo, dirisha likiwa jembamba, vitufe vya kundi hilo vinajikunja na kubaki kimoja kilichoandikwa Paragraph. Panua dirisha lijaze skrini. Kama utepe wako, yaani ule ukanda wa vitufe wa juu, ni ule wa mstari mmoja, bofya vinukta vitatu vya upande wa kulia, utakikuta humo. Vitufe vikiwa vimefifia, huenda kasa haiko ndani ya barua.

Wanaojibu barua bila kuifungua, yaani kwenye kile kidirisha cha kusomea, hawatakiona kichupo cha Format Text kabisa. Bofya Pop Out, jibu lako litatoka kwenye dirisha lake na kichupo kitaonekana.

Mimi hukiweka kitufe hiki karibu kwenye kila kompyuta ninayoishughulikia: bofya ¶ kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Add to Quick Access Toolbar. Kuanzia hapo kinakaa kwenye ukanda mdogo wa dirisha la ujumbe, mbofyo mmoja tu.

Hatua ya 4: Zikikataa kuondoka, nenda kwenye Options

Hapa ndipo wengi wanapokwama.

"Mwanangu, nukta zimeondoka, ila hizi zenye kichwa bado zipo," aliniambia mama mmoja wa ofisi ya uwakala wa forodha, mteja wake akisubiri majibu.

"Basi mama, hicho kitufe usikiguse tena," nikamjibu, "twende kwenye Options."

Kitufe cha ¶ kinawasha na kuzima alama zote kwa jumla. Lakini Outlook ina orodha nyingine, ya alama unazotaka zionekane wakati wote. Alama iliyotiwa tiki kwenye orodha hiyo haitii kitufe. Ndiyo maana kwa yule mama nukta ziliondoka na ¶ zikabaki: mtu aliyetumia kompyuta ile kabla yake alikuwa ametia tiki kwenye Paragraph marks peke yake. Unaweza kubonyeza Ctrl+Shift+8 mpaka jioni, ¶ haitaondoka.

Fuata njia hii. Kwenye dirisha kuu la Outlook bofya File, kisha Options. Upande wa kushoto chagua Mail. Sehemu ya juu, inayohusu uandishi wa barua, ina kitufe cha Editor Options, kibofye. Litafunguka dirisha la pili, na ndani yake upande wa kushoto chagua Display. Utaona maneno Always show these formatting marks on the screen, na chini yake visanduku: Tab characters, Spaces, Paragraph marks, Hidden text, Optional hyphens, Object anchors, na cha mwisho Show all formatting marks.

Ondoa tiki kwenye Paragraph marks na Spaces, na Tab characters pia kama mishale inakukera. Show all formatting marks nayo iondoe. Object anchors unaweza kuiacha, maana haikuletei usumbufu wa maana kwenye barua pepe. Bofya OK, dirisha la pili lifungike, kisha OK tena kwenye lile la kwanza. Usifunge kwa alama ya X, mabadiliko hayatahifadhiwa. Fungua ujumbe mpya uhakikishe.

Kwenye Word njia ni fupi kidogo: File, Options, Display. Orodha ni ile ile.

Hatua ya 5: Kabla hujazificha, zitazame mara moja

Ushauri wangu, na naushikilia: alama hizi zizime unapoandika, ziwashe unapotengeneza. Mtu anayezichukia kabisa anajinyima njia rahisi ya kujua kwa nini barua yake imekaa vibaya.

Chukua mfano wa karani anayempelekea mnunuzi orodha ya marobota ya mkonge. Ameandika "Daraja 3L", akabonyeza nafasi mfululizo mpaka mbali, akaandika idadi ya marobota. Mstari wa chini akaandika "Daraja UG", nafasi tena, idadi. Kwenye skrini yake namba zimepangana vizuri. Mnunuzi anafungua kwenye simu, namba zimekwenda mrama, hajui idadi ipi ni ya daraja lipi. Ukiwasha alama unaona kisa chote mara moja:

Daraja·3L············40¶
Daraja·UG··········25¶

Vinukta vile vyote ni nafasi. Mwandiko wa Outlook, kama Calibri, una herufi za upana tofauti, na kama simu ya mnunuzi haina mwandiko huo inaweka mwingine wenye upana wake. Nafasi zile zile zinafika mahali pengine. Dawa ni jedwali: Insert, Table, safu mbili. Ukiwa umewasha alama, ndani ya kila chumba cha jedwali utaona ¤; hiyo ni alama ya mwisho wa chumba, usihangaike nayo.

Jambo lingine utakaloliona ni mshale uliopinda, ↵, mahali unapotarajia ¶. Huo unatokana na Shift+Enter: mstari umekatwa lakini aya ni ile ile. Ndiyo sababu unaagiza kichwa cha barua kikae katikati na anwani yote inakwenda katikati pamoja nacho. Kwa Outlook, kichwa na anwani ni aya moja. Na ukinyoosha kingo zote mbili za aya, mstari mfupi unaoishia na ↵ unavutwa, maneno yanaachana. Futa ↵, weka Enter.

Maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti mara nyingi huja na kiduara kidogo, °, kati ya maneno. Mtu anadhani ni nyuzi za joto. Ni nafasi isiyokatika: maneno mawili yaliyoshikana nayo hayatenganishwi mwisho wa mstari. Unaweza kuiweka mwenyewe kwa Ctrl+Shift na kitufe cha nafasi, nami naipenda kwa fedha, ili "Sh" isibaki mstari wa juu na 250,000 ikashuka chini. Ila zikijaa kwenye aya nzima uliyonakili, mistari inakatika pabaya. Zifute, uweke nafasi za kawaida.

Ukishatengeneza, Ctrl+Shift+8, barua iwe safi.

Hatua ya 6: Angalia maneno yaliyofichwa

Hili ni muhimu kuliko vinukta vyote. Outlook inaweza kuficha maneno, si alama tu. Mtu anayaficha mwenyewe, au yanakuja yamefichwa tayari kutoka kwenye hati ya Word uliyonakili. Alama zikiwashwa, maneno hayo yanaonekana yakiwa na vinukta chini yake mfululizo. Alama zikizimwa, yanatoweka machoni pako.

Yametoweka machoni, lakini ndani ya barua yamo. Fikiria umenakili makadirio ya bei kutoka kwenye hati ya ofisi, na humo mwenzako alificha mstari wenye bei ya chini mnayoweza kuikubali. Usitegemee kwamba programu ya mnunuzi nayo itauficha. Kabla ya kutuma kitu ulichonakili kwenye hati ya mtu mwingine, washa alama, pitia kuanzia juu hadi chini, na ukikuta maneno yenye vinukta chini, yafute kabisa. Kisha ndipo uzime.

Kama Outlook yako ni ile mpya

Kompyuta nyingi mpya za Windows zinakuja na Outlook mpya, ambayo mipangilio yake hufunguliwa kwa alama ya gia juu kulia, sawa na ile ya kwenye kivinjari. Hiyo haitumii mhariri wa Word, kwa hiyo Editor Options hutaikuta. Gmail nayo ni vivyo hivyo. Ukiona ¶ ndani ya barua kwenye programu hizo, chukulia kwamba ni herufi halisi, imekuja na maandishi uliyobandika, na mwenzako ataiona. Hiyo ifute kama unavyofuta herufi nyingine yoyote, kabla ya kubofya Send.