Namna ya Kuichunguza Zorki-4 au FED-2 Kabla ya Kuipiga Filamu

Kamera za filamu zenye kipima umbali, yaani zinazolenga kwa kuunganisha picha mbili ndani ya kitazamio, zilizotengenezwa katika Umoja wa Kisovieti bado zinauzwa kwa wingi, na mnunuzi wa leo hukutana zaidi na aina mbili: Zorki-4 ya kiwanda cha KMZ huko Krasnogorsk, karibu na Moscow, na FED-2 ya Kharkiv, Ukraine. Jina lililochorwa juu ya kamera halitoshi kukueleza ulichonunua. Kiwanda kilibadilisha sehemu bila kubadilisha jina, kikamaliza akiba ya zamani kwenye miili mipya (mwili ni kamera bila lenzi), na kila mwili ulirekebishwa kwa mkono kabla haujatoka, kwa hiyo kamera mbili za jina moja zaweza kutofautiana kwa macho na hata kwa vipimo.

Anza na namba ya utengenezaji. Kwa Zorki-4, tarakimu mbili za mwanzo kwa kawaida ni za mwaka, na lenzi ya Jupiter-8 ya kiwanda hichohicho nayo husomeka hivyo. Mwili wa 1963 wenye lenzi ya 1971 ni jozi iliyokutanishwa baadaye. Usitumie kanuni hii kwa FED-2, kwa sababu namba zake hazitaji mwaka. Kisha tazama sura. Zorki-4 za mwanzo zina tarakimu za kasi zilizochongwa na kutiwa rangi, ilhali za baadaye zimechapwa juu tu. Nyingine zina masikio ya kufungia mkanda na nyingine hazina kabisa. FED-2 za mwanzo hazina kipima muda cha kujipiga picha wala tundu la waya wa flashi, na kasi zake huanzia 1/25 ya sekunde, ilhali za baadaye huanzia 1/30. Tofauti za namna hiyo zisikutie shaka. Cha kutia shaka ni vichwa vya skrubu vilivyochubuliwa na bisibisi, kwa maana hapo fundi amepita, na mimi humwogopa fundi asiyejulikana kuliko kiwanda chochote.

Unapojaribu kasi, vuta filamu kwanza ndipo uzungushe kitufe cha kasi, hasa kwa Zorki-4, ambayo mitambo yake huweza kuharibika ukifanya kinyume.

Kazi kubwa ni kupima mahali lenzi inapokaa. Umbali sahihi kutoka uso wa pete ya kufungia lenzi hadi filamu ni milimita 28.8, na kiwanda kiliufikia kwa kuweka pete nyembamba sana za kurekebishia chini ya pete hiyo, unene wake ukitofautiana kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Mtu akifungua kamera akazipoteza au akazichanganya na za kamera nyingine, lenzi nzuri itatoa picha zenye ukungu, naye ataisingizia lenzi. Kwa tundu la f/2, yaani lenzi ikiwa imefunguliwa sana, kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita linatosha kuharibu picha.

Huhitaji kifaa cha ghali. Ondoa mgongo wa kamera, weka kasi kwenye B (pazia hubaki wazi kitufe kikiwa kimebonyezwa), na ufunge kitufe kwa waya wa kufyatulia wenye kufuli ili pazia libaki wazi. Laza kioo kidogo chenye ukungu juu ya reli mbili za ndani, zile zinazogusa filamu, wala si za nje ambazo hubeba bamba la kukandamiza. Wengi hukosea hapa na kupata majibu ya uongo. Upande wenye ukungu uelekee lenzi. Fungua tundu lote, weka lenzi kwenye alama ya mbali kabisa, elekeza kamera kwenye mnara ulio zaidi ya kilomita moja, kisha tazama kwa kioo cha kukuzia.

Mnara ukiwa dhahiri, mwili uko sawa. Ukilazimika kuizungusha lenzi hadi, tuseme, mita 10 ndipo mnara uonekane vizuri, lenzi iko karibu mno na filamu, na pete ya kurekebishia inahitajika zaidi. Mnara ukigoma kabisa kuonekana vizuri hata kwenye alama ya mwisho, huku vitu vya karibu zaidi vikionekana vizuri, lenzi iko mbali mno, na pete moja imezidi. Rudia kwa lenzi ya pili kabla ya kugusa skrubu yoyote, kwa sababu kosa likibaki lilelile linatoka kwenye mwili, na likitoweka lilikuwa la lenzi.

Kipima umbali kirekebishwe mwisho. Ukikianza kabla, utaweza kukilazimisha kiafikiane na lenzi iliyokaa vibaya, na umbali mmoja utakuwa sahihi huku mwingine ukipotoka. Kwa sababu hiyo kikague mara mbili: kwa mnara uleule, kisha kwa gazeti lililobandikwa ukutani mita moja kutoka kwenye filamu, ukihakikisha kila mara kwamba picha mbili za kitazamio zinaungana pale picha ya kwenye kioo inapokuwa dhahiri. Andika unene wa pete ulizoziacha pamoja na namba za mwili na lenzi, maana vipimo hivyo ni vya jozi hiyo tu.