Jinsi ya kutunza nyaraka za bodi ya maikrokontrola ili mtu aweze kudibagi (kutafuta kosa) mwenyewe

Ukiwa ndo unatunza bodi ya maikrokontrola, iwe umeichora mwenyewe au ni ya timu yenu, swali utakaloulizwa kuliko yote ni "bodi yangu haishiki, nifanyeje?" Haishiki nini hasemi, manake hata yeye hajui. Nyaraka zinatakiwa zimtoe huyo mtu pale alipokwama bila wewe kuwepo, na nyingi zinashindwa kwa sababu zimejaa sifa za chipu (kasi, kumbukumbu, idadi ya pini) ambazo tayari ziko kwenye datashiti. Hapa naeleza ninavyozipanga mimi. Mifano mingi ni ya STM32 (maikrokontrola za kampuni ya ST) na OpenOCD (programu ya kompyuta inayoongea na chipu kupitia dibaga, kile kifaa cha kuichungulia chipu ndani) ila mpangilio unafaa bodi yoyote.

Hatua ya 1: andika toleo la bodi, jina peke yake halitoshi

Bodi mbili zinaweza kufanana jina na sura halafu zikatofautiana ndani. Chukua Raspberry Pi Pico: LED yake iko GPIO25 (GPIO ni pini ya kuingiza au kutoa ishara), lakini ukienda kwenye Pico W LED imehamishiwa kwenye chipu ya WiFi, kwahiyo kodi ile ile ya kuwasha taa inapanda vizuri tu na taa haiwaki, mtu anaanza kuamini bodi imekufa. Au zile STM32F103 ndogo za bluu, LED iko PC13 na inawaka pini ikiwa chini (volti sifuri), sio juu (volti 3.3). Vitu kama hivi viweke juu kabisa ya ukurasa: toleo gani, limeandikwa wapi kwenye bodi yenyewe, na nini kimebadilika toka toleo lililopita. Ukitoa toleo jipya usifute maelezo ya zamani, watu bado wanazo hizo bodi mezani.

Hatua ya 2: jedwali la pini lionyeshe hatari

Safu ya "pini" na ya "kazi yake" kila mtu anaweka. Ongeza ya tatu, "angalia". Kwa ESP32 ya kwanza ile, hiyo safu ingekuwa na haya: GPIO34 hadi 39 ni za kuingiza tu na hazina rezista za ndani za kuvuta juu, GPIO6 hadi 11 zimeshikwa na flashi (kumbukumbu inayohifadhi programu) usiziguse, GPIO0 ikiwa chini wakati bodi inawaka inaingia hali ya kupokea femwea (programu inayokaa kwenye bodi), na GPIO12 ikiwa juu wakati huo huo flashi inapewa volti 1.8 badala ya 3.3 na bodi nyingi hapo zinagoma kuwaka. Mtu amefunga sensa yake GPIO12, bila hiyo safu atatafuta kosa kwenye kodi mpaka achoke na kosa halipo kwenye kodi.

Hatua ya 3: weka mipangilio ya dibaga ndani ya repo (folda ya mradi kwenye git)

Usiandike "tumia OpenOCD" ukaishia hapo. Weka faili la `openocd.cfg` pamoja na kodi, likae sehemu moja na nyaraka ili vibadilike pamoja:

```
source [find interface/stlink.cfg]
source [find target/stm32f4x.cfg]
adapter speed 1000
```

Halafu amri zenyewe, za kunakili na kubandika:

```
openocd -f openocd.cfg
arm-none-eabi-gdb build/app.elf
target extended-remote :3333
monitor reset halt
load
break main
continue
```

Ile ya kwanza inabaki imefunguka kwenye terminali yake, zinazofuata unaziandika kwenye terminali nyingine: ya pili inafungua GDB (programu ya kudibagi), zilizobaki unaziandika ndani yake. Liseme hilo wazi kwenye ukurasa, anayeanza halijui.

Kuhusu nyaya, SWD (njia ya kuunganisha dibaga na chipu) inahitaji SWDIO, SWCLK na GND, na dibaga nyingi zinataka pia VTref, ambayo kazi yake ni kuiambia dibaga bodi inatumia volti ngapi. Watu wanaiona wanadhani ndo ya kulisha bodi umeme, kwahiyo andika bodi inalishwa kutokea wapi. Nyaya ziwe fupi, na zikilazimika kuwa ndefu mtu ashushe ile `adapter speed`.

Hatua ya 4: onyesha ikifanya kazi inaonekanaje

Hii inasahaulika sana na mimi naipa uzito kuliko hata amri zenyewe. Bandika matokeo halisi ya bodi isiyo na tatizo, kisha eleza mistari mitatu. `Target voltage` iwe karibu na 3.3, ikisoma karibu na sifuri bodi haina umeme au VTref haijafungwa, na hakuna haja ya kuendelea kabla hilo halijatatuliwa. Wa pili ni ule wenye `6 breakpoints, 4 watchpoints`, ukiuona ujue dibaga imeongea na kiini cha Cortex-M4 (kichakataji cha ndani ya chipu), na hapo hapo mweleze msomaji kwamba kodi ikiwa kwenye flashi atapata brekpointi (mahali pa kuisimamisha kodi) 6 tu, ya saba itakataliwa na hilo sio kosa la bodi. Wa tatu, `Listening on port 3333 for gdb connections`, maana yake sasa fungua GDB.

Hatua ya 5: ukurasa wa dalili

Upange kwa kile mtu anachokiona, usiupange kwa majina ya sehemu za chipu. Aliyekwama hajui kama shida yake ni ya saa, ya umeme au ya pini, anajua tu kilichoandikwa kwenye skrini, na hicho ndicho atakachokitafuta, kwahiyo maneno ya kosa yanakili kama yalivyo.

*Kompyuta haioni kitu kabisa.* Kebo kwanza, kuna kebo za USB za kuchaji tu hazina nyaya za data. Kwenye Linux ikiwa inakubali kwa `sudo` tu, tatizo ni ruhusa, mwelekeze kwenye sheria za udev (zinazoamua nani anaruhusiwa kutumia kifaa), usimwache azoee `sudo`.

*`init mode failed (unable to connect to the target)` wakati volti iko sawa.* Mara nyingi femwea iliyomo imechukua PA13 na PA14 (ndo SWDIO na SWCLK) kwa kazi nyingine au imeilaza chipu usingizi mzito. Dawa ni kuunganisha chipu ikiwa imeshikiliwa kwenye riseti: funga waya wa NRST (pini ya riseti) na ongeza `reset_config srst_only connect_assert_srst`. Kama huo waya hauna, inua BOOT0 (pini ya kuchagua chipu iwakie wapi), bonyeza riseti, chipu itawaka kwenye ROM yake ya ndani na ile femwea mbaya haitapata nafasi ya kukimbia, hapo unafuta flashi.

*`UNEXPECTED idcode: 0x2ba01477` kwenye STM32F103.* Idcode ni namba ya utambulisho inayotolewa na chipu, na ile halisi inajibu 0x1ba01477. Hiyo uliyonayo ina chipu ya kopi. Inaweza kufanya kazi, ila msomaji ajue anachokishika.

*Inafanya kazi dibaga ikiwepo, ukiichomoa inakufa.* Angalia kama imebaki semihostingi (njia ya kutuma `printf` kwenye kompyuta kupitia dibaga) ndani ya kodi. Ile `printf` inapita kwenye agizo la BKPT, na bila dibaga ya kulipokea chipu inaangukia kwenye HardFault (kosa kubwa linaloizuia kodi kuendelea).

*Ukiisimamisha kwenye brekpointi inajiriseti.* Wochidogi (saa inayoiriseti chipu kodi ikikwama) inaendelea kuhesabu wakati kiini kimesimama. STM32 zina rejista ya DBGMCU ya kuisimamisha nayo.

Hatua ya 6: HardFault ipewe ukurasa wake

Wengi wakifika hapa wanakata tamaa wakati chipu yenyewe iko tayari kusema. Kwa Cortex-M3 kwenda juu (M0 haina CFSR, rejista inayotaja sababu ya kosa), waandikie hivi:

```
monitor cortex_m vector_catch hard_err
continue
x/wx 0xE000ED2C
x/wx 0xE000ED28
p/x $lr
```

Ya kwanza inafanya kiini kisimame mara tu HardFault inapotokea. Anwani ya 0xE000ED2C ni HFSR, rejista ya hali ya HardFault, biti ya 30 ikiwa 1 ni kosa dogo lililopandishwa daraja, basi sababu iko kwenye CFSR, ile ya 0xE000ED28. Mfano CFSR ikisoma 0x00008200, umesoma au kuandika anwani isiyokubalika, na anwani yenyewe iko 0xE000ED38. Ikiwa biti ya 25 ndo imewaka, umegawanya kwa sifuri.

Halafu `lr`, inayoonyesha ni staki ipi ilikuwa inatumika: biti ya 2 ikiwa 0 andika `x/8wx $msp`, ikiwa 1 andika `x/8wx $psp`. Maneno 8 (namba za biti 32) yanayotoka ni r0, r1, r2, r3, r12, lr, pc, xpsr kwa mpangilio huo, la saba ndo mahali kodi ilipofia. Lichukue ulipeleke hapa:

```
arm-none-eabi-addr2line -e app.elf 0x08001234
```

Utapewa faili na namba ya mstari, mradi ELF (lile faili la `app.elf`) ndo ile ile iliyoko kwenye bodi. Kwa sababu hiyo kila toleo la femwea unalolitoa hifadhi ELF yake pamoja na namba ya komiti ya git, sio `.bin` peke yake, manake `.bin` haina majina ya kazi wala mistari na ripoti ikija baadaye hutaweza kuitafsiri.

Hatua ya 7: jaribu nyaraka kama unavyojaribu kodi

Kabla ya kutoa toleo, chukua kompyuta ambayo haijawahi kuwekewa zana zako, fuata ukurasa wako neno kwa neno, usiruke hata amri moja kwa sababu unaijua. Pale utakapolazimika kufanya kitu ambacho hakijaandikwa, kiandike. Chini ya ukurasa weka toleo la bodi ulilojaribia, tarehe, na kinachotoka kwenye `openocd --version`, manake majina ya amri yamekuwa yakibadilika, mfano `adapter speed` zamani ilikuwa `adapter_khz` na miongozo mingi bado inaitaja hiyo.

Mwisho weka fomu fupi ya kuripoti tatizo: toleo la bodi, dibaga gani, matokeo yote ya OpenOCD kuanzia mstari wa kwanza (sio picha ya simu, maandishi), na namba ya komiti ya femwea. Swali likijirudia kutoka kwa mtu wa pili, jibu lake lisiishie kwenye meseji, lipeleke kwenye ukurasa wa dalili siku hiyo hiyo ukiwa bado unakumbuka kosa lilivyoandikwa.