Kadi ya karatasi yenye sura ya ngozi

Karatasi inayoiga ngozi vizuri ni kaki nyembamba, ile ya mifuko ya dukani. Manila peke yake ni ngumu mno: ukiifinyanga hutoa mistari mikali, wala huipati ile mikunjo midogo midogo ya ngozi. Kaki ya mfuko wa saruji iache. Vumbi lake likilowa huchoma mikono.

Kwa kadi moja kata kaki ya sentimita 24 kwa 18 na manila ya 21 kwa 15. Finyanga kaki ikiwa kavu hadi iwe kama tonge la ugali, ikunjue, urudie mara 3. Inyunyizie maji kidogo, halafu rudia mara 4 au 5, kila mara ukianzia kona nyingine. Usiiloweke, itachanika pale mikunjo inapokutana. Imeiva inapoacha kulia ukiikunja na kulegea mkononi kama kitambaa. Wengi huacha mapema, na hapo ndipo kazi inapoharibikia.

Changanya vijiko 2 vya gundi nyeupe ya mbao na kijiko 1 cha maji, upake manila yote hadi kingoni. Laza kaki juu yake bila kuivuta. Ukiivuta, mikunjo yote inapotea. Bonyeza kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Ukitaka pambo, kata umbo la jani la mzabibu kwa manila, ulibandike kabla ya kaki, kisha pitisha mgongo wa kijiko kuzunguka ukingo wake kaki ikiwa bado mbichi. Jani litainuka vizuri sana. Kunja kadi wakati huohuo, kaki ikiwa nje. Ukingoja ikauke, mkunjo utapasuka.

Kiangazi cha Dodoma ni kikavu na chenye upepo. Kadi ikianikwa juani, uso hukauka kabla ya upande wa chini, nayo hujipinda. Iweke kivulini usiku mzima, taulo iliyokunjwa juu yake, kisha vitabu. Ubao mtupu utalaza mikunjo. Asubuhi punguza kaki iliyozidi.

Sasa paka gundi na maji, nusu kwa nusu, tabaka jembamba, usubiri saa moja. Usiruke hatua hii: bila gundi, mafuta ya dawa ya viatu hupenya na kutoa madoa ndani ya kadi. Chukua dawa ya kopo ya kahawia, kidogo tu kwenye kitambaa cha pamba, uzungushe. Baada ya dakika 10 futa kwa kitambaa kikavu: rangi itabaki mikunjoni, na sehemu zilizoinuka zing'ae. Nyeusi ipitishe kingoni tu. Dawa ya maji haifai, hulainisha gundi.

Mshono wa pembeni ndio unaodanganya macho kabisa. Toboa kwa msharasi, kile chuma chenye ncha cha fundi viatu, tundu hadi tundu milimita 5, na milimita 4 kutoka ukingoni. Yakisongamana, kadi itachanika kwenye mstari wa matundu. Tumia uzi wa fundi viatu. Ndani bandika karatasi nyeupe ya kuandikia, gundi ikishika kwenye mkunjo tu.