Ngeli kwa mchezo wa taksi, hata kile kipindi cha saa nane mchana

Walimu wenzangu, kile kipindi cha saa nane mnakijua, watoto washakula posho (ugali) na maharage na nusu ya darasa inasinzia. Mi nafundisha Kiswahili S1, yaani kidato cha kwanza, hapa Jinja, Uganda, somo limekuwa la lazima S1 na S2 tangu mtaala mpya wa 2020, na wengi ndo wanakutana nalo mara ya kwanza, sasa ukiwapelekea ngeli kavu kavu ubaoni umeshawapoteza. Mi natumia mchezo wa taksi, yale mabasi madogo ya abiria.

Hatua 1. Kata makadi, boksi kuukuu linafaa maana halichaniki haraka. Kila kadi neno moja: kiti, viti, mtoto, watoto, mti, miti. Darasa likiwa kubwa, kadi moja watoto wawili.

Hatua 2. Panga mabenchi mbele, abiria 14 kama barabarani. Halafu kondakta wa kuita ngeli ya taksi, hapa usikimbilie wachangamfu, mpe yule wa nyuma asiyeongea. Nilikuwa na binti hajawahi kunyoosha mkono muhula mzima, nikampa ukondakta, akapiga ubao kofi kama mlango wa gari, "KI-VI! KI-VI! Bado mmoja!", darasa likaamka lote na yeye mwenyewe akacheka mpaka akashika tumbo.

Hatua 3. Nauli ni sentensi. "Kiti changu kimevunjika", panda. "Kiti wangu", wote wanaitikia "hii si taksi yako!", anarudi kwenye foleni anajaribu tena. Ila abiria wa kwanza uwe wewe mwalimu, sema "mtoto yangu kimelala" wakushushe kwa kelele, maana ukishashushwa wewe hakuna tena anayeogopa. Kicheko kiishie kwenye neno, akianza mtu kucheka lafudhi ya mwenzake au kabila lake simamisha gari hapohapo.

Hatua 4. Taksi imejaa? Waulize wanaojua Luganda: ekitabo wakiwa na vingi wanasemaje? Ebitabo. Omuntu? Abantu. Macho yanawatoka, kumbe ngeli walikuwa nazo nyumbani siku zote! Hapa kaa kidogo, usiharakishe.

Hatua 5. Dakika 15 zinatosha. Nazungusha mkono kama nazima injini, kimya. Siku ya kwanza hawatanyamaza, zima tena. Kisha madaftari, sentensi tano, na ya kwanza ni ile nauli aliyolipa.