Pakua Unguja, sikiliza hadi Pemba: podikasti na vitabu vya sauti bila kumaliza bando

Podikasti ni vipindi vya sauti unavyoweza kuvipakua na kuvisikiliza baadaye. Tuanze na hesabu ya bando, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Sauti ya 128 kbps (kipimo cha data inayotumika kila sekunde) hula karibu MB 58 kwa saa. Ya 64 kbps hula MB 29 tu, na kwa mazungumzo sikio halioni tofauti kubwa. Muziki ndio unaoharibika: udi na fidla za taarabu zinaitaka hiyo 128. Maongezi yale yale ukiyafungua kama video, bando linakwenda mara kadhaa zaidi.

Hatua ya 1. Weka AntennaPod, programu ya kusikilizia podikasti, kwenye simu ya Android. Ni ya bure, haina matangazo yake na haitaki ujisajili. Mwenye iPhone tayari anayo Apple Podcasts.

Hatua ya 2. Tafuta kwa jina la kipindi au la chombo cha habari. Wengi huandika "afya" au "historia" wakaletewa vitu visivyohusu, kisha wakasema Kiswahili hakina podikasti. Utafutaji husoma majina na maelezo mafupi, hausikilizi yaliyosemwa ndani. Andika "BBC Swahili" au "DW Kiswahili", na ujaribu yote mawili, "Swahili" na "Kiswahili", kwa sababu kila mtayarishaji ana mtindo wake. Usipopata kitu, huenda kipindi kipo YouTube tu na hakina mlisho wa RSS, yaani anwani ambayo programu huitumia kuvuta matoleo mapya. Lakini ukiukuta mlisho huo kwenye tovuti yake, nakili anwani ya mlisho uibandike kwenye sehemu ya kuongeza podikasti.

Hatua ya 3. Pima kabla ya kujiunga. Usianze na toleo la kwanza. Mara nyingi ndilo lenye sauti mbovu. Chukua la katikati, ruka hadi dakika ya 5, sikiliza dakika 3. Sauti ya mgeni iko sawa na ya mwenyeji? Mgeni aliyerekodiwa kwa mbali hutamsikia ndani ya daladala, injini itammeza. Msemaji anataja habari kaitoa wapi, au anasoma tu makala ya mtu mwengine? Kwa mawaidha, tafuta darsa zima. Vipande vya dakika 2 hukatwa pale penye kelele, na hoja ikabaki nyuma.

Hatua ya 4. Katika mipangilio, ruhusu upakuaji wa wai-fai pekee, weka ukomo wa matoleo yanayohifadhiwa, na washa upakuaji wa kujiendesha kwa vipindi viwili au vitatu unavyovifuata kweli. Ukiwasha kwa vyote, simu itajaa wiki hiyo hiyo.

Upakuaji ukisimama kila kioo kinapozima, kosa si la mtandao: simu inaifunga programu ili kuokoa betri. Nenda kwenye mipangilio ya betri, uiruhusu AntennaPod ifanye kazi bila kizuizi.

Kabla ya kupanda meli ya Pemba, weka simu katika hali ya ndege, kisha cheza kila toleo kwa sekunde chache. Lisilocheza halimo simuni, hata kama jana ulilisikiliza nusu. Ulikuwa unalivuta mtandaoni. Meli ikishaiacha Nungwi, huna pa kulitafutia.

Hatua ya 5. Vitabu. Tovuti ya LibriVox, iliyoanza mwaka 2005, ina vitabu vilivyokwisha haki miliki, vilivyosomwa na watu wa kujitolea. Vingi ni vya Kiingereza. Chagua kilichosomwa na mtu mmoja, maana vya wasomaji wengi hubadilika sauti kila sura. Vya Kiswahili ni vichache, na huko YouTube baadhi husomwa na mashine. Sikiliza inavyotamka "ng'ombe" na inavyosoma miaka, utaitambua mara moja. Kasi ya 1.25 inafaa kwa maongezi, lakini utenzi uache ulivyo. Vituo vyake ni sehemu ya shairi.

Kwa mzee mwenye redio ndogo ya kadi. Hamisha mafaili kwenye kadi iliyofomatiwa FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili kwenye kadi), na hakikisha ni MP3, kwani redio nyingi za aina hii hazisomi M4A, aina nyingine ya faili la sauti. Anza majina kwa 01, 02, 03. Redio ikipuuza majina na kufuata mpangilio wa kunakili, futa kadi, nakili faili moja moja kuanzia la kwanza.